Mgonjwa wa Kila Asubuhi

Ukimuuliza mdogo wangu hali yake, atakujibu, "Kijani tu." Mvua inyeshe, jua liwake, awe amelala au hajalala, jibu ni hilo hilo. Pale hospitali kuu anapofanya kazi walishalisahau jina lake, wanamwita Kijani. Hata wifi yangu, mke wake wa ndoa, siku hizi anamwita hivyo mbele za watu. Chanzo ni ile skrini kubwa iliyo ukutani kwenye chumba chake cha kazi. Kila sehemu ya mfumo wa kompyuta wa hospitali ina kidoa chake pale: mapokezi, madaktari, maabara, famasi, keshia. Kidoa kikiwa kijani, kazi inakwenda. Kikiwa chekundu, balaa. Kazi yake ni kuvitazama vidoa vile, na kukiwahi kitu chochote kinachotaka kuvigeuza rangi.

Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, nashona sare za shule. Na niseme mapema: mdomo wangu hauna breki. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kugomba. Kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti humu ndani, mnivumilie, maana hili jambo mpaka leo likinijia hata sindano naiweka chini.

Kazi ya mdogo wangu ni kazi ya kutoonekana. Mimi nikishona gauni zuri, watu wanaliona likipita. Yeye akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea, na nani atamsifu mtu kwa jambo ambalo halikutokea? Siku mfumo ukizimika ndipo anajulikana. Wagonjwa wanajaa ukumbini, keshia anakunja mikono, mkurugenzi anapiga simu, na manesi wanauliza kwa sauti kama yule Kijani analipwa kwa kulala. Basi yeye ndiye anayehangaika yasifike huko. Anafuta mafaili ya zamani kabla mashine haijajaa. Anapuliza vumbi. Anabadilisha betri za umeme wa akiba kabla hazijafa. Anafungua nakala ya kumbukumbu za jana ili ahakikishe kweli inafunguka. Akitaka kuuzima mfumo kwa muda mfupi tu ili ausasishe, kila idara inamwambia si leo. Anawabembeleza kama mtu aliyekwenda kuposa.

Na ile simu! Ameiwekea mlio wa tahadhari, mashine yoyote ikianza kulemewa tu, simu inakoroma kama chura aliyekanyagwa. Wanawe wanaujua. Wakiusikia wanapiga kelele, "Baba, chura!" na yeye ananyanyuka, awe mezani, awe msibani, awe kwenye kiti cha kinyozi na kichwa kimenyolewa upande. Wifi aliwahi kuniambia, "Dada, mimi sina mke mwenza, nina chura mwenza." Tulicheka siku hiyo mpaka tukashika mbavu. Lakini ukimtazama mdogo wangu, kicheko kinakata. Amekonda. Suruali zake nimezipunguza kiunoni hadi mifuko ya nyuma inataka kukutana. Akikaa kwenye kochi langu, kabla sijamletea maji, ameshasinzia na simu kifuani.

Sasa, kuna jambo moja katika kazi yake lazima nilieleze, maana yote yalitokea hapo.

Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, anachukua mgonjwa wa uongo na kumpitisha hospitali nzima, kwenye kompyuta tu. Anamsajili mapokezi. Anamfungulia kwa daktari. Anamwandikia kipimo cha maabara, dawa za famasi, risiti ya keshia. Akifika mwisho bila kukwama, anajua njia iko wazi, wagonjwa wa kweli waje. Mgonjwa huyo wa uongo ana alama ndogo ya kijivu kwenye kona ya faili lake. Ile alama inaiambia mashine: huyu si mtu, msimwonyeshe maabara, msimwite kwenye skrini ya ukumbini, mtu asipoteze muda kumtafuta. Jioni mfumo wenyewe unafagia kila kitu chake, ili kesho aanze upya akiwa hana historia. Ni utaratibu mzuri, hata mimi nisiyejua kompyuta naona ni mzuri.

Ila walipofunga mfumo ule mpya, mashine ilikataa majina ya mzaha. Ilitaka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Mdogo wangu alikuwa hajalala vya kutosha wiki nzima. Akajaza ya mtu pekee ambaye habari zake anazijua kwa moyo. Akamjaza mama.

"Mama hatibiwi hapa," aliniambia baadaye, "anatibiwa zahanati ya kwenu kule. Halafu nikaona si vibaya, kila siku naanza kazi kwa kuandika jina lake." Karani wa zamani wa mapokezi alikuwa anajua maana ya ile alama. Karani huyo alistaafu, akaagwa kwa keki na khanga, na aliyekuja baada yake hakuna aliyemwambia kitu.

Mama ana kisukari. Anaishi na mimi. Ni mtu wa kujikaza, hata akijikata na kisu atakwambia ni nyanya. Msimu ule shule zilikuwa zinafunguliwa, nimezama kwenye sare hadi masikioni, ndipo nilipomwona anachechemea. Nikamvua kandambili kwa nguvu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda, na pembeni ngozi imeanza kuwa nyeusi. Nikampeleka zahanati. Nesi wa pale akakiangalia, akatuandikia hospitali kuu hapo hapo. "Mama," akasema, "kidonda cha mwenye sukari hakisubiri. Waangalie damu yako upesi, waanze dawa, ama sivyo watakikata."

Ndiyo hivyo. Kidole cha mama kilikuwa kinashindana na saa, na sisi wote tulilijua hilo.

Asubuhi yake nikamshusha kwenye geti la hospitali. Sikuingia naye. Wateja walikuwa wananisubiri, na moyo wangu ulikuwa umetulia kwa sababu mtoto wake yuko humo ndani. Nilimwambia nimpigie Kijani aje kumpokea. Akakataa katakata.

"Mwache afanye kazi. Mimi si mgeni wa kupokelewa, mimi ni mgonjwa kama wenzangu."

Yaliyofuata ameyasimulia mwenyewe, tena kwa kuvutwa ulimi. Karani mpya aliandika jina lake, na faili likatokea. Tarehe ya kuzaliwa ni yenyewe, mtaa ni wenyewe, ndugu wa karibu ni mwanawe.

"Mama, mbona umeshasajiliwa hapa?"

"Mimi? Sijawahi kukanyaga hapa."

"Mfumo unaonyesha una faili."

Mama akatabasamu. "Basi atakuwa mwanangu amenisajili. Yuko humu humu, ndiye anayeshughulika na hizo mashine." Alilisema kwa sauti, ili na wale wa nyuma yake wasikie. Namjua mama yangu.

Daktari alimwona, akaandika kipimo cha damu kwenye kompyuta, akamwambia aende akakae maabara hadi aitwe. Akaenda, akakaa. Majina yakawa yanatokea kwenye skrini ya ukumbini na watu wanaingia. Waliokuja baada yake wakaingia. Waliokuja baada ya hao nao wakaingia. Alipoinuka kwenda kuuliza dirishani, akaambiwa, "Kaa tu, bibi, jina lako litatokea." Hakuwa amekula tangu asubuhi, maana alidhani damu inachukuliwa mtu akiwa na njaa. Ukumbi ukabaki yeye na mfagiaji. Ndipo mtu wa maabara akafunga dirisha na kumwambia arudi kesho, huenda mtandao ulikuwa mzito.

Mtandao haukuwa mzito. Mdogo wangu alikuwa juu, ngazi chache tu kutoka kwenye lile benchi, na vidoa vyake vyote vilikuwa kijani.

Aliporudi nyumbani nilimuuliza, akasema, "Wamesema nirudi kesho." Nikakunja uso, nikasema maneno yangu kuhusu hospitali kubwa na dharau zao, halafu nikarudi kwenye cherehani. Jioni hiyo mfumo ulifagia, kama kawaida yake. Ukafagia kipimo cha mama, na maelezo ya daktari kuhusu kidole, na siku nzima aliyokaa pale.

Kesho yake akarudi peke yake. Daktari alikuwa mwingine, maabara mtu mwingine. Maabara wakamwambia hana kipimo. Akaenda mapokezi. Yule karani hakuwepo, alikuwepo wa zamu, akatazama kompyuta, akamtazama mama, akamwambia taratibu, kwa huruma kabisa, kama tunavyosema na wazee:

"Bibi, jana hukuja hapa."

"Nilikuja, mwanangu. Nilikaa pale."

"Mfumo hauonyeshi, bibi. Labda ilikuwa hospitali nyingine? Nyumbani uko na nani?"

Asiyekuwepo na lake halipo. Mama alisimama pale dirishani, akaona aibu. Alifikiri: mwanangu ndiye mwenye mfumo huu, na mwanangu hakosei, basi aliyekosea ni mimi. Aliniambia baadaye, huku anatazama ukuta, "Nilidhani akili yangu imeanza kuondoka. Nikasema nikiwaambia hawa watoto wataacha kuniamini hata nikisema nina njaa." Akapanda gari, akarudi, akaniambia wamempa miadi ya wiki ijayo. Nami nikaamini. Nikamwekea mguu juu ya stuli, nikaendelea kushona.

Mama yangu, mtu aliyetulea sisi kwa mikono yake, alinidanganya ili nisijue kuwa amechanganyikiwa. Wala hakuwa amechanganyikiwa! Hee! Kuna mambo mtu akiyafikiria anataka apigane na kabati.

Siku ya tatu niliamka nikasikia harufu. Nikafungua mlango wa chumba chake, anatetemeka chini ya mablanketi, mguu umevimba hadi kwenye kifundo na weusi umepanda kidole cha pili. Sikumbuki nilivaa nini. Nilisimamisha teksi kwa kusimama katikati ya barabara.

Pale mapokezi nilianza kuwaka kabla sijafika dirishani. Nikamwambia karani wa zamu anipe majibu ya mama ya juzi. Akaandika jina, akatazama kompyuta.

"Dada, huyu mama hakuja juzi. Wala jana."

"Nilimshusha mimi mwenyewe getini! Una macho wewe, au na wewe unasubiri kusasishwa?"

Nesi wa dharura, Mungu ambariki mama yule, hakungoja ugomvi uishe. Alimwona mama kwenye kiti cha magurudumu, akainama, akafunua mguu, akasema, "Huyu anaingia sasa hivi. Mambo ya kompyuta mtayamaliza wenyewe." Akachukua damu, akaandika jina kwa kalamu kwenye kichupa, akakipeleka maabara kwa miguu yake.

Mimi nikampigia Kijani.

"Dada, nitakupigia, kuna kikao hapa, mkurugenzi anatu..."

"Shuka chini kabla sijapanda!"

Alishuka na kitambulisho chake shingoni, anacheka kidogo, kama mtu anayekuja kutuliza kichaa wa ukoo. Kile kikao, nilikuja kujua baadaye, kilikuwa cha kumpongeza. Mwezi mzima mfumo haukuzimika hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Walikuwa wanampigia makofi.

Nikamwambia mama yuko ndani na mguu umeoza. Nikamwambia wamesema hakuja. Akazunguka kaunta, akaegemea bega la karani kutazama ile kompyuta. Nikaona kicheko kinamtoka usoni. Akagusa kona ya skrini kwa kidole, pale penye ile alama ya kijivu.

"Mlimfungulia kwenye faili hili?" akamuuliza karani.

"Ndilo lililotokea, Kijani. Kila kitu kilikuwa cha kwake."

Hakumgombeza. Alikaa sakafuni, mtu mzima na shati lake la kikao, mgongo kwenye kaunta, na hapo ndipo akanieleza habari yote ya mgonjwa wa uongo. Halafu akasema jambo ambalo ningeweza kumpiga kofi kwalo, kama si kwamba alikuwa ameshapigika.

"Niliona, dada. Juzi mchana nilikuwa napitia, nikaona kwenye jina la mama kuna kipimo cha damu ambacho si mimi niliyekiandika. Nikadhani ni wale wa kampuni ya mfumo wanajaribu kitu kutoka kwao. Nilikuwa nimechoka. Nikasema jioni kitafagiwa."

Chura akakoroma mfukoni mwake. Akaitoa simu, akaitazama, akaizima.

Walimkata vidole viwili. Nilimuuliza daktari wa upasuaji, nikimshika mkono wa koti asinikimbie, kama angeonwa ile siku ya kwanza ingekuwaje. Akanijibu kiungwana. "Siku ile tungejaribu dawa kwanza. Siwezi kukuapia kwamba zingefaa." Bora angesema moja. Jibu lile nimelala nalo na kuamka nalo, na mdogo wangu pia, najua, maana huwa ananiuliza kama nakumbuka daktari alisemaje hasa.

Mama alipopata nguvu kidogo, Kijani alikwenda kumweleza. Nilikuwepo, nakunja shuka. Alimweleza yote, hakujificha. Nilisubiri mama alie, au amlaani, au angalau amnunie. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kila siku asubuhi nilikuwa naumwa?"

"Kila siku, mama."

"Na jioni?"

"Jioni unapona. Kila kitu kinafutwa."

Mama akautazama mguu wake uliofungwa. "Basi kule nilikuwa na raha kuliko huku," akasema. Akacheka, kicheko kidogo cha mtu mgonjwa, na mdogo wangu akaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa sauti hadi nesi akaja kuchungulia. Mama alikuwa anampapasa kisogo. "Nyamaza, baba. Mimi nilichofurahi ni kimoja tu, kwamba akili zangu ninazo. Nilikuja. Si nilikuja?"

"Ulikuja, mama."

"Basi."

Mimi nilitoka nje na zile shuka. Sikutaka wanione.

Jina la mama ameshaliondoa. Aliwabana watu wa kampuni hadi wakakubali mgonjwa wa uongo awe na jina lisiloweza kuwa la binadamu, na faili lake likifunguliwa skrini nzima inakuwa ya manjano, asiyejua aulize. Aliandika barua ya kosa lake, akaipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aliisoma, akapumua, akamwambia arudi kazini, hakuna mwingine anayezijua mashine zile. Adhabu gani hiyo? Mimi naona walimwadhibu kuliko kumfukuza. Vidoa vinaendelea kuwa vya kijani, naye anaendelea kuvitazama, suruali zinaendelea kumvuka.

Lakini siku hizi ukimuuliza hali yake, hajibu lile jibu lake. Anasema, "Tupo." Na akimaliza kumpitisha mgonjwa wake wa uongo, na milango ikifunguliwa, anashuka ngazi. Anapita benchi kwa benchi, mapokezi, maabara, famasi, anauliza kila mtu jambo moja: "Umeitwa?" Anayesema amengoja sana, anamuuliza jina, anakwenda kulitafuta. Wengine wanamwona kichaa. Mfagiaji aliniambia mchana anashuka tena, chakula chake kinapoa huko juu.

Juzi nilimpeleka mama kubadilishwa bandeji na kupimwa damu. Sasa hivi naingia naye, geti sitaki hata kuliona. Tulikaa kwenye lile lile benchi la maabara, mama amesimamisha gongo lake katikati ya magoti. Kijani akatokea mwanzo wa safu, anauliza mmoja mmoja, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakutuona. Alifika kwa mama, akainama kama alivyowainamia wengine.

"Umeitwa, mama?"

Kisha akamtambua. Mama akamtazama, akaona, nafikiri, kile nilichokiona mimi.

"Bado," mama akasema. Akasogea kidogo, akapigapiga ubao wa benchi kwa kiganja.

Akakaa. Chura alikoroma mfukoni mwake, akakoroma tena. Watu wakageuka. Mdogo wangu hakunyanyuka. Alikaa pale na mikono kwenye mapaja, macho kwenye skrini ya majina, hadi la mama lilipotokea.